Fomu isiyo na jina: Mto Nyamwamba na mchanga wa Kilembe

Ukitaka kumwaga maji machafu mtoni nchini Uganda, unajaza fomu. Unaandika jina lako au la kampuni yako, unaonyesha bomba litatokea wapi, unaeleza maji yatakuwa na nini ndani, unalipa ada, unangoja. Fomu hiyo naijua vizuri. Kwa miaka sita nilikuwa katibu wa uzalishaji na mazingira katika kamati ya LC1, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, ya mtaa wetu Kilembe, cheo kisicho na mshahara wala pikipiki, lakini lawama zote za mto huishia mlangoni kwako. Na kila nilipoishika fomu ile nilijiuliza: kwa Nyamwamba, nani ataandika jina lake hapo juu? Mgodi wa shaba wa Kilembe ulifungwa 1982. Bomba halipo. Kinachomwaga ni kilima cha mabaki yake.

Nataka kukipitia kisa hiki taratibu, kwa sababu Uganda haina upungufu wa sheria za kulinda mito. Katiba ya 1995, ibara ya 39, inampa kila raia wa Uganda haki ya mazingira safi. Ibara ya 237 inaifanya serikali kuwa mdhamini wa mito, maziwa na maeneo oevu kwa niaba ya wananchi. Chini yake kuna Sheria ya Maji, Sheria ya Mazingira, vibali, viwango, kanda za hifadhi, amri za kurejesha mazingira, kamati za mabonde. Sanduku la fundi limejaa. Tatizo la Nyamwamba ni kwamba karibu kila kifaa kilichomo kilitengenezwa kumbana mtu aliye hai, anayemwaga leo, kupitia tundu unaloweza kulinyooshea kidole.

Mgodi wenyewe

Kwa asiyepajua: Kilembe ni bonde jembamba chini ya Rwenzori, kama kilomita 10 kupanda kutoka mji wa Kasese. Nyamwamba unashuka kutoka huko juu kwenye majabali na ukungu, unapita katikati ya nyumba za kambi ya zamani, unaukata mji wa Kasese, unavuka tambarare na kuishia Ziwa George, ambalo liko mita 914 juu ya usawa wa bahari. Ni mto mfupi wenye haraka. Ukilala karibu nao wakati wa mvua unasikia mawe yakigongana chini ya maji kama watu wanaohamisha fanicha.

Shaba ilianza kuchimbwa 1956, mwaka huohuo reli ilipofika Kasese. Waliochimba ni Wakanada wa Falconbridge. Mawe yalisagwa papo hapo bondeni, unga wenye shaba ukateremshwa Kasese, ukapakiwa treni hadi Jinja na kuyeyushwa huko kwa umeme wa Owen Falls. Hadi mgodi unafungwa, mlima ulikuwa umetolewa mawe ya tani zipatazo milioni 16, na shaba ndani yake haikufika hata sehemu 2 kwa 100. Fanya hesabu. Katika kila tani, shaba iliyokwenda zake Jinja haikufika kilo 20, na sehemu kubwa ya kilo zilizosalia ilibaki hapa, ikiwa imesagwa.

Babangu aliingia shimoni 1961. Lugha ya shimoni ilikuwa Kiswahili: Mkonzo, Mkiga, Mtoro, Mualur, mtu wa Kongo, mtu wa Rwanda, wote walikutana kwenye shifti moja na nyapara hakuwa na muda wa kutafuta mkalimani. Hadi leo vikao vya mtaa wetu huanza kwa Kikonzo, na watu wakishakasirika huhamia Kiswahili. Mabaki yale ya kusaga tuliyaita mchanga wa kampuni. Yalirundikwa kando ya mto kwa sababu bonde halina mahali pengine palipo tambarare, na kwa sababu miaka hiyo hakuna aliyeuliza.

Mchanga huo si mchanga. Ni jiwe lililosagwa likawa laini kama unga wa muhogo, la kijivu, na ndani yake mna pairiti, lile jiwe la kung'aa linalowadanganya watoto kuwa ni dhahabu. Jiwe likiwa zima ndani ya mlima halina neno, hewa na maji haviliingii. Likisagwa, kila chembe inakuwa wazi. Hewa, mvua, na bakteria wanaoishi kwa kula chuma na salfa huigeuza pairiti kuwa asidi, ileile iliyomo ndani ya betri ya gari, na asidi huyeyusha shaba, kobalti, nikeli na zinki zilizobaki. Kiangazi kikikaza, juu ya marundo hutokea ukoko wa kibuluu-kijani, na pengine wa manjano ya kutu. Tulikuwa tukiubandua kwa vidole na kuchorea mawe. Siku moja mama alinichapa kwa ajili hiyo, na wala hakuwa anawaza sumu: shati la shule lilikuwa limetoboka.

Watafiti wa Makerere na wenzao wamekuja baadaye wakapima udongo wa bustani, mboga na maji ya bondeni. Walichokikuta hakimshangazi mtu aliyekulia hapa: shaba, kobalti na nikeli katika udongo wa kando ya mto kwa viwango ambavyo hukuti katika shamba la kawaida.

Kibali, na ada isiyokiona chuma

Sheria ya Maji ni ya 1995, na kanuni zake za utiririshaji wa taka ni za 1998. Mantiki yake ni nzuri: mto ni wa umma, kwa hiyo anayeutumia kubebea taka zake aombe ruhusa, na alipe kadiri ya mzigo anaoutwika. Ada ya mwaka ilipangwa kufuata BOD, yaani kiasi cha oksijeni kinachonyang'anywa majini na vijidudu vinapoozesha uchafu. Kwa kichinjio kipimo hiki kinafaa sana. Kwa kiwanda cha bia, cha sukari au cha ngozi, vilevile: uchafu mwingi, BOD kubwa, ada kubwa, na mwenye kiwanda anaanza kufikiria bwawa la kusafishia kwa sababu ni nafuu.

Jiwe lililosagwa halioizi. BOD yake iko karibu na sifuri. Hata angepatikana mtu wa kulilipia rundo la Kilembe, hesabu ya ada ingemwambia hadaiwi kitu cha maana, huku shaba na kobalti zikiteremka. Sisemi waliotunga walikosea. Walikuwa wakiangalia viwanda vya Kampala na Jinja na miji mingine, na huko tatizo kubwa kweli lilikuwa uchafu unaooza. Lakini kifaa kikishatengenezwa kwa ajili ya mahali fulani, usishangae kikifika kwingine kikawa kipofu.

Kuna sehemu moja tu ya Kilembe inayofanana na bomba, nayo ni midomo ya mahandaki. Baada ya uzalishaji kusimama, kampuni ya mgodi, ambayo ni mali ya serikali, iliendelea kuulinda kwa kupampu maji yasijae shimoni. Maji ya mahandaki hutoka mahali panapoonekana, kwa kiasi kinachopimika, na mwenyewe anajulikana. Ningekuwa mimi ndiye mwenye mhuri, ningeanza na hayo, maana hapo sheria ya 1995 inafanya kazi jinsi ilivyo, bila kuongezwa hata nukta. Kinachokwamisha ni aibu: idara ya serikali imwandikie kampuni ya serikali barua ya kudai kibali, na wote wawili wanalipwa na Hazina ileile.

Chupa safi na dumu la tope

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

Viwango vya maji machafu viliwekwa na kanuni za 1999 chini ya Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, kisha kanuni hizo zikaandikwa upya 2020 baada ya Sheria mpya ya Mazingira ya 2019. Zile za 1999 zilisema: shaba isizidi miligramu 1 kwa lita, kobalti 1, nikeli 1, zinki 5, na pH, kipimo cha ukali wa asidi, iwe kati ya 6 na 8. Kikaoni huwa nawatajia watu jambo moja linalowashtua. Shirika la Afya Duniani huruhusu shaba hadi miligramu 2 katika lita ya maji ya kunywa. Yaani maji machafu yabanwe kuliko ya kunywa? Wazee hucheka, wanadhani karani alikosea. Hakukosea. Tumbo la binadamu linastahimili shaba kuliko matamvua ya samaki. Kiwango cha maji machafu kimewekwa kwa ajili ya wanaoishi ndani ya maji, na mto huu unaishia kwenye ziwa la wavuvi.

Kwa hiyo kiwango si kibaya. Ubaya uko katika kinachopimwa na siku kinapopimwa.

Mwaka wangu wa pili katika kamati alikuja ofisa kupima. Sitamtaja wala ofisi yake, alikuwa kijana mwema na mchapakazi. Ilikuwa Julai, kiangazi. Nyamwamba ulikuwa mwembamba na mweupe, ungeweza kuhesabu kokoto chini. Alivaa glavu, akasuuza chupa mara tatu kama inavyotakiwa, akaijaza, akaifunga, akaiandika tarehe. Akachovya karatasi ya pH, ikatoka rangi ya kijani iliyotulia. Hatua chache pembeni, mama mmoja alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga wa kijivu uleule tuliokuja kuuchunguza, na hakika hakuna sabuni inayong'arisha sufuria kama mchanga wa kampuni. Alimtazama mpaka akamaliza.

"Mwanangu, umekuja siku mbaya," akamwambia. "Njoo mvua ikinyesha usiku huko juu."

"Usiku sina gari, mama."

"Basi hata mto hutauona."

Matokeo yalirudi baada ya wiki kadhaa: maji yako ndani ya viwango. Na yalikuwa kweli. Nyamwamba una maji mengi ya mlimani yanayozimua kila kitu, na sehemu kubwa ya metali haisafiri ikiwa imeyeyuka, husafiri imeng'ang'ania chembe za tope. Mto huu una siku nyingi za kupitisha maji, na siku chache za kubeba mlima. Ukipima siku za maji utapata maji.

Oktoba ile mvua ilinyesha juu usiku. Alfajiri nilishuka na dumu la lita 20, mwanangu akinishika mkono nisiteleze, nikalijaza pale daraja lilipo. Nikaliacha nyuma ya mlango. Kufikia jioni tope lilikuwa limetuama chini kwa unene wa vidole viwili, kijivu, na ukitikisa linapanda kama moshi. Nikalipeleka kunakohusika, kwa boda, nikimlipa kijana nauli ya abiria wawili kwa ajili ya dumu. Nikaambiwa kwa heshima kabisa kwamba fomu ina safu ya maji, miligramu kwa lita. Haina safu ya tope. Nikarudi na dumu langu.

Ndilo pengo ninaloliona kubwa kuliko yote. Mashapo ya chini ya mto na ya mdomoni mwa ziwa ndiyo daftari la kweli la Nyamwamba, maana hayasahau mafuriko ya mwaka jana wala ya juzi. Ziwa George nalo lina kina cha wastani kisichozidi mita 2 na nusu, kiasi kwamba upepo wa mchana unatosha kuvuruga chini. Tope lililotua halijazikwa. Wavuvi wa Hamukungu na Kahendero wanatupa nyavu juu yake. Ziwa hilo lilikuwa eneo la kwanza la Uganda kuingia katika orodha ya Ramsar, ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, 1988, na maji yake hupita Mfereji wa Kazinga kwenda Ziwa Edward ambalo nusu yake na zaidi ni la Kongo. Kwa kiwango cha mashapo, na kwa pipa la kunasa maji ya mafuriko lililofungwa juu ya mgodi na jingine chini yake, mjadala wa miaka 40 ungegeuka hesabu ya kutoa: tope la chini toa tope la juu, jibu ni la Kilembe.

Mita 30 za magimbi

Kuhusu ukanda wa hifadhi nitasema kwa ufupi. Kanuni za 2000 zinakataza kulima na kujenga ndani ya mita 100 kutoka kingo za mito mikubwa iliyoorodheshwa, na mita 30 kwa mito mingine. Nilipokuwa katibu, hiki ndicho kifaa pekee kilichokuwa na meno, na meno yake yaliwauma wenye magimbi. Tulipita na kamba, tukapima, tukawaambia wajane wang'oe. Kamba ileile, ukiinyoosha kutoka kwenye maji kuelekea upande mwingine, iligota kwenye rundo la mabaki ya mgodi kabla haijakwisha. Mzee mmoja aliniuliza kama rundo nalo lilikuwa limepewa ilani. Sikuwa na la kumjibu, nikakunja kamba.

Anayechafua alipe. Nani?

Kanuni ya "anayechafua alipe" imo katika sheria zetu tangu 1995, na NEMA ina uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira dhidi ya aliyeharibu. Tuifuate karatasi basi. Waliochimba tangu 1956 ni Falconbridge na washirika wake. Miaka ya 1970 mgodi ukataifishwa. Falconbridge yenyewe ilinunuliwa na Xstrata 2006, na Xstrata ikamezwa na Glencore 2013. Ukifika mwisho wa uzi huo uko Uswisi, mikononi hamna kitu: sheria yetu kuu ya mazingira ilikuja miaka 13 baada ya mgodi kufungwa, na kumdai mtu faini kwa alichofanya kabla ya katazo si kazi rahisi katika mahakama yoyote. Mwenye mali wa leo ni serikali. Kwa hiyo kanuni inabaki ikisema: serikali iliyochafua iilipe serikali inayosimamia. Pesa itoke mfuko wa kulia iingie wa kushoto.

Sheria ya 2019 imeenda mbali hadi kuyatambua mazingira ya asili kuwa na haki zake, haki ya kuwepo na kuendelea na mizunguko yake. Nilipolisoma hilo nilifurahi kuliko wanasheria walivyotaraji. Mto una haki, vyema. Sasa nani atashtakiwa kwa niaba ya rundo?

Yupo mmoja aliyelipa, na hakukusudia. Kule Kasese, mbali na marundo ya bondeni, kulikuwa na rundo jingine: pairiti yenye kobalti iliyotengwa wakati wa kuchenjua shaba, tani zipatazo milioni 1.1, imewekwa akiba ikingoja mnunuzi. Mvua iliipiga miongo kadhaa. Asidi ikateremka kuelekea Hifadhi ya Queen Elizabeth na kuacha ukanda mtupu ambao nyasi hazioti. Madereva wa zamani waliutumia kama alama ya njia. Mwaka 1999 Kampuni ya Kobalti ya Kasese ikaanza kulila rundo lile. Unga uliingizwa kwenye matangi makubwa pamoja na bakteria walewale wanaotuharibia mto, safari hii wakiwa wamefungiwa ndani, wanapewa hewa, joto lao linadhibitiwa, na asidi yao inazimwa kwa chokaa. Kobalti ikatoka, ikauzwa. Kufikia 2013 rundo likawa limekwisha na kiwanda kikafunga.

Sitaki kuwapamba. Kiwanda nacho kiliacha mabaki yake, na hayo yanahitaji mlinzi. Lakini katika historia yote ya mto huu, tani nyingi kuliko zote za uchafu ziliondolewa juani na mvuani na watu waliokuwa wakitafuta faida. Si faini wala semina iliyofanya hivyo. Jambo hilo linanisumbua, nami naona afadhali nilikiri kuliko kujifanya kamati yetu ilifanya zaidi.

Swali linalofuata ni kwa nini hatukulitumia somo hilo kwa marundo ya bondeni. Tulijaribu, kwa namna fulani. Mwaka huohuo 2013 serikali iliukodisha mgodi kwa muungano wa kampuni za Kichina kwa miaka 25. Mkataba ulivunjwa 2017, mwekezaji akidaiwa hakutimiza aliyoahidi. Mgodi ukarudi serikalini, na marundo yakawa hayakutoka mikononi mwake hata siku moja. Mkataba wa mgodi ni kifaa chenye nguvu kuliko kibali chochote, kwa sababu unasainiwa wakati mwekezaji anataka kitu kutoka kwako. Ukishamkabidhi funguo, unabaki kumwandikia barua. Sheria ya Madini ya 2003 iliruhusu kudai dhamana ya mazingira, pesa inayowekwa kabla ya kuchimba ili mchimbaji akikimbia kuna cha kusafishia. Dhamana hiyo kwa kawaida huhesabiwa kwa uharibifu ujao. Wa zamani huachwa nje, kwa sababu hakuna mwekezaji anayekubali kurithi deni la marehemu asiyemjua.

Mto ulipoamua wenyewe

Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulishuka na mawe makubwa kama bajaji. Mwaka uliotangulia, Februari 2012, moto ulikuwa umeunguza mimea ya juu mlimani, na mvua haikuwa na cha kuizuia. Watu walikufa, nyumba za kambi zilikatwa, Hospitali ya Kilembe ikajaa maji na tope. Mei 2020 ukarudia, hospitali ileile ikapigwa tena, na maelfu wa Kasese wakahama.

Baada ya hapo mashine zilikuja. Mto ukazibuliwa, kingo zikajengewa kuta za mawe yaliyofungwa kwa wavu wa chuma. Matumizi ya serikali moja kwa moja ni kifaa cha sera kama kibali kilivyo, ingawa wahandisi hawaliiti hivyo. Lakini kazi ile ilihesabiwa kama kazi ya mafuriko, kwa mita za ukuta na idadi ya nyumba zilizonusurika. Tope lililochotwa mtoni liliwekwa kando ya mto. Nilisimama pale siku moja na kijana wa malori anayenunua mchanga wa kujengea. Akachota kiganjani, akasugua kwa kidole gumba, akanusa, akautupa. "Huu wa kampuni," akasema, "unakula nondo." Fundi wa mtaani alipima katika sekunde tatu kitu ambacho mradi mzima haukuwa na safu ya kukiandikia. Akasogea mita chache akapata mchanga mweupe wa mlimani, akajaza lori lake.

Kungekuwa na mtu mmoja kwenye meza ya mradi aliyetumwa na upande wa ubora wa maji, kuta zingeanza kujengwa miguuni mwa marundo, ambapo mto unayala, kabla ya kufika kwenye maduka ya mjini. Ofisi inayopaswa kumtuma ipo: tangu 2011 nchi imegawanywa katika kanda 4 za usimamizi wa maji, na sisi tuko chini ya Kanda ya Albert, makao yake Fort Portal. Kanda hizo ndizo mahali pekee ambapo mafuriko, misitu, mgodi na wavuvi wanaweza kukaa kwenye kikao kimoja. Nimekaa kwenye vikao vyake. Ni vizuri, chai ni nzuri, ramani ni nzuri zaidi. Bajeti haikai hapo.

Nikitakiwa kutaja ninachotaka kuona kwa mpangilio, kwanza ni serikali kuyakubali marundo kwa maandishi kuwa ni deni lake, yaingie kwenye vitabu kama barabara mbovu inavyoingia, na Mfuko wa Taifa wa Mazingira uwe na kifungu chenye jina la Kilembe. Deni lisiloandikwa halilipwi. Kisha mkataba wowote wa kufungua mgodi tena uanze na mabaki ya zamani: uyachakate upya ukiweza, uyafunike na kuyaondoa mtoni usipoweza, ndipo uruhusiwe kuchimba jiwe jipya. Bei ya shaba na kobalti ikiwa juu, sharti hilo halimfukuzi mtu makini. Safu ya tope kwenye fomu haigharimu kitu.

Muda wangu uliisha na kamati mpya ikachaguliwa. Aliyechukua nafasi yangu ni binti wa jirani, mwalimu wa kemia. Nilimkabidhi faili, kamba ya kupimia na dumu, ambalo lilikuwa bado nyuma ya mlango, maji yamepungua na tope limeganda. Alilitikisa, akalitazama likipanda. Akaomba fomu ya kibali. Nikamwambia hiyo ni ya anayetaka kumwaga, si ya kulalamikia. Akasema anajua. Akaketi kibarazani, akaandika kwa wino. Penye jina la mwombaji: mmiliki wa mgodi. Penye mahali pa kutiririshia: mdomo wa handaki, na kando yake marundo, akayachora. Penye aina ya taka akakosa nafasi, akaigeuza karatasi akaandika pembeni: tope. Jumatatu alipanda matatu ya kwanza kwenda Fort Portal, dumu akilipakata mapajani.